Pensheni Iliyoandikwa Mara Mbili

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki jana tulimwacha Kamene kanisani pale Thika, benchi ya tatu kutoka nyuma, simu mkononi. Kule mbele babake mzazi, mzee Kaloki, alikuwa ameing'ang'ania maikrofoni. Alikuwa ametoka tu kutangaza kwamba mwisho wa mwezi huu anaacha kazi kwenye kiwanda cha blanketi, miaka mitatu kabla ya wakati wake, kwa sababu Mungu ni mwaminifu na pensheni imetosha.

Kanisa zima likasimama. Vigelegele vikapigwa mpaka watoto wa Sunday school wakatoka kuchungulia.

Kamene peke yake alibaki ameketi. Kwenye simu yake kulikuwa na mistari miwili. Pensheni ya Kaloki, mwezi wa kwanza, mwaka jana. Na chini yake, pensheni ya Kaloki, mwezi wa kwanza, mwaka jana. Kiasi kile kile hadi senti. Akasogeza kidole. Mwezi wa pili, mara mbili. Mwezi wa tatu, mara mbili.

Wewe na mimi, msomaji, hatuhitaji digrii hapo. Kama kila kitu kimeandikwa mara mbili, basi zile milioni sita alizoshangiliwa mzee Kaloki ni milioni tatu. Na kwa milioni tatu mzee hawezi kuchimba kisima kule shambani Ngoliba, akajenga nyumba, akala na mkewe hadi uzeeni. Kwa milioni tatu anapaswa kurudi kazini kesho na kufunga mdomo.

Lakini kesho hiyo hiyo, alisema mbele ya watu wote, ndiyo siku anayopeleka barua.

Haya, tusipoteze muda.

Ibada ilipoisha Kamene alijaribu kumfikia babake na akashindwa. Wazee wa kanisa walikuwa wamemzunguka kama bwana harusi. Mmoja alimshika mkono akakataa kuuachilia, akitaka kujua kama atafuga kuku wa nyama ama wa mayai. Mwingine alikuwa ameshaanza kuomba mkopo, kwa adabu na kwa sauti ya chini.

Alipofaulu kulishika koti la babake, alimwambia kuna jambo dogo la kuongea. Kaloki alicheka. Mambo madogo yangoje, alisema, yeye anakimbia Ngoliba kumwona mtu wa kuchimba kisima. Akapanda boda na Biblia kwapani, akawapungia watu mkono hadi kona.

Usimlaumu Kamene. Ungekuwa wewe, ungemwambia mzee mbele ya mchungaji kwamba nusu ya baraka zake ni makosa ya kuandika?

Alimgeukia mumewe. Opiyo alikuwa amesimama karibu na geti, anasoma tangazo la mkutano wa vijana kana kwamba yeye bado ni kijana wa kualikwa. Huyu Opiyo anafanya kazi ya kompyuta Ruiru, na ndiye aliyeleta ile programu ya hesabu za nyumbani katika familia hii. Mwanzoni mwa mwaka jana aliiweka kwenye kompyuta ya wakwe zake na kwenye simu ya Kamene, hesabu ikiwa ni moja.

Programu yenyewe si ngumu. Unaiambia mara moja tu. Kila tarehe tano, makato ya pensheni ya mzee pamoja na sehemu anayoongezewa na mwajiri. Kila tarehe kumi, zile elfu tano za mfuko wa uwekezaji. Baada ya hapo inajiandikia yenyewe kila mwezi, uwe macho ama umelala. Kamene ndiye aliyeiambia hivyo, na tangu siku hiyo hakuwa akiifungua sana. Kilichompendeza ni hicho hasa, kwamba haikuhitaji kufunguliwa.

Wiki tatu zilizopita babake alimwuliza jumla imefika wapi. Alifungua, akaisoma nambari ya juu kabisa, akamtajia kwa furaha. Mzee alisema, "Inatosha," na hakuuliza tena.

"Babe, pensheni ya baba imeingia mara mbili," Kamene alimwambia mumewe sasa. "Kila mwezi."

Opiyo hakuuliza imeingiaje. Hakushtuka hata. Hilo ndilo lililomfanya Kamene amkazie macho.

"Ulikuwa unajua."

"Niliona February."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema aje, Kam? Ni mamako."

Hapo inabidi nimlete Mama Mbithe, mke wa Kaloki, kwa wale ambao hawajakutana naye.

Mbithe ni mweka hazina wa kanisa hilo tangu lilipokuwa la mabati matupu. Kanisani kwao pesa hazihesabiwi na mtu mmoja. Wa kwanza anahesabu na kuandika. Wa pili anahesabu zile zile na kuandika kando. Zikilingana, vitabu vinafungwa. Hakuna mbaya hapo, na ndiyo sababu kanisa hilo leo lina vigae kwenye sakafu.

Sasa mama huyu alipopewa neno la siri la programu, aliambiwa ni ya kuangalia tu. Lakini Mbithe haangalii pesa bila kuzigusa. Aliona mkono wa kwanza umeandika na wa pili haupo. Akajua kazi yake ni ipi.

Meseji za pensheni zilikuwa zikiingia kwenye simu yake, kwa kuwa Kaloki hupoteza simu kila mara na aliona afadhali aandikishe nambari ya mkewe. Kila meseji ilipofika, Mbithe alivaa miwani, akafungua kompyuta, akaandika. Za mfuko wa uwekezaji, vivyo hivyo. Hata lile salio la mwanzo, ambalo Kamene alilitoa kwenye karatasi ya mwaka, mama aliliandika tena jioni hiyo hiyo.

Kanisani mkono wa pili unauthibitisha wa kwanza. Programu haijaokoka. Yenyewe ilijumlisha.

Opiyo aliyaona haya miezi iliyopita na akayameza. Kwao mwanamume na mama mkwe hawasongeleani. Hawapeani mkono, hawaketi kochi moja, na mama mkwe akikuwekea chumvi kwenye chai kwa bahati mbaya, unakunywa na kusema asante. Sasa wewe ndiye uende umwambie hajui hesabu?

"So ukaacha baba asimame mbele ya kanisa," Kamene alisema.

"Sikujua atasimama. Nilidhani hiyo pesa ni ya kuangalia tu."

"Hiyo ndio shida yetu. Kila mtu anaangalia tu."

Walitembea hadi Makongeni, kwa wazazi wa Kamene. Kamene alikuwa na hasira na mumewe, kisha akakumbuka ni yeye mwenyewe aliyeisoma ile nambari kwa sauti, hasira ikakosa pa kukaa.

Mama Mbithe walimkuta jikoni, ameshavua nguo za kanisani, anachemsha isyo, yaani githeri ya mahindi na maharagwe, huku akiimba. Alianza kuwahadithia kabla hawajaketi. Kule Ngoliba anataka jiko lake liwe nje, lenye paa, na dirisha la kutazama barabara ili aone nani anapita na anapeleka nini sokoni. Maisha yake yote ya ndoa amepikia kwenye nyumba za kupanga, huku mwenye nyumba akihesabu ndoo zake za maji. Mwaka ujao, alisema, atamwaga maji hata barabarani akitaka.

Kamene alimtazama mamake na akasikia vibaya sana. Ni rahisi kumvunja mtu moyo akiwa na huzuni tayari. Akiwa anaimba ni kazi.

"Mwaitu," alianza, akatumia Kikamba, mama yangu, labda habari iteleze vizuri zaidi. Kisha akamweleza yote. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, mashine isiyojua desturi za kanisa. Alieleza polepole na kwa heshima, na alipofika kwenye zile milioni tatu alizitaja haraka kidogo.

Mbithe alizima gesi.

"Unataka kusema mimi nahesabu pesa mara mbili?"

"Si wewe, Mum. Ni mashine."

"Na mashine iliandika na mkono wa nani?"

Opiyo alikuwa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, mahali pake pa siku zote, anachunguza kamba za viatu vyake.

Mama aliumia. Hakulia, kwani si mtu wa kulia, lakini aliumia na ikaonekana. Aliketi. Aliuliza swali moja tu, kama kwa milioni tatu bado wanaweza kuhamia Ngoliba. Kamene alisema hapana, si mwaka huu, si bila mshahara wa baba. Mbithe akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu mwingine asiyeonekana.

Halafu akainuka. Barua isifike kesho, alisema. Iko wapi? Iko kwenye mfuko wa koti la Kaloki, na koti limepanda boda kwenda Ngoliba. Kamene alimpigia babake simu. Ilikuwa mteja, haipatikani.

"Basi atakuja ataikuta hapa," Mbithe alisema, akimaanisha hasira yake. "Lakini kabla sijamzuia mwanaume kufanya kitu ameambia kanisa, nataka nambari ya ukweli. Sitaki ya kukisia. Leteni hiyo kompyuta tufute zilizozidi, moja moja."

Hapa msomaji ungelikuwepo ungecheka. Kompyuta ilikuwa kwa magoti ya Opiyo, mlangoni. Mbithe alikuwa kwenye kochi, mwisho wa chumba, na simu yake yenye meseji zote. Kamene akawa katikati kama mkalimani, ingawa wote watatu walikuwa wanaongea lugha moja.

Ubishi ulianza kabla hawajafuta hata mstari mmoja. Opiyo, kupitia mkewe, alipendekeza wabakishe ile mistari ya programu na kufuta ya mama. Ya programu ni nadhifu, alisema, tarehe zake zimelingana, na ina kile kialama kidogo cha mshale unaozunguka ili ujue imejirudia yenyewe.

"Mwambie bwanako," Mbithe alijibu, "mimi niliandika nikiwa nimeona meseji. Mashine iliandika kwa sababu imezoea. Gani ni ya kweli?"

Kamene alimgeukia mumewe. Opiyo alikuwa ameshaanza kufuta za programu.

Wakaenda hivyo. Opiyo anasoma mwezi, Kamene anarudia, Mbithe anatafuta kwenye simu na kusema iko. Mstari wenye mshale unafutwa, wa mama unabaki. Salio la mwanzo likakatwa nusu, na nambari ya juu ikaporomoka kwa mkupuo mmoja hadi Kamene akafumba macho. Baada ya hapo ilishuka kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na kila ikishuka mama alikuwa akisema "haya" kwa sauti ya mtu anayepanguswa kidonda.

Cha ajabu, alianza kufurahia. Mwaka jana uliisha bila kosa hata moja la kwake. Kila alichoandika kililingana na meseji. Alianza kumtania Kamene kwamba kama angeachiwa kazi hii peke yake tangu mwanzo, leo hakuna mtu angekuwa amekaa hapa anafuta kitu. Hata Opiyo alicheka, akiutazama ukuta.

January ya mwaka huu, mbili. February, mbili. March, mbili.

Kisha Opiyo akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma basi," Kamene alisema.

"April iko moja."

"Ya mama?"

"Ya mashine."

Akateremsha orodha. May, moja, yenye mshale. June, moja, yenye mshale. Kuanzia hapo hadi mwezi huu wa nane tulio nao, programu ilikuwa inaandika peke yake, na mkono wa Mbithe haukuwepo.

Wazo la kwanza la Opiyo lilikuwa la kawaida, kwamba mama alichoka. Watu huchoka na vitu hivi. Lakini kwa vile ni mtu wa kompyuta na hawezi kuacha kitu nusu, akafungua ule mfuko wa uwekezaji, zile elfu tano za kila mwezi. Huko mistari ilikuwa miwili miwili moja kwa moja hadi mwezi huu. April, mbili. May, mbili. Juzi tarehe kumi, mbili. Mama hakuwa amechoka hata kidogo.

Opiyo akaweka kompyuta chini. Akasimama, akavuka chumba kizima, akaketi kwenye kochi la mama mkwe wake. Kamene alidhani mumewe anaumwa.

"Mama, samahani sana," alisema, akimwangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kupeleka mbuzi wa posa. "Pensheni mbona uliacha kuandika April?"

"Mimi sikuacha. Meseji ndio iliacha kuja. Siandiki pesa sijaona."

"Na hukuuliza?"

"Nilimwuliza mwenyewe. Kaloki akaniambia huo mfuko umeacha kutuma meseji. Ati wanapunguza gharama."

Kamene ndiye aliyepandwa na hasira kwanza, na alijua pa kuipeleka. Ni kiwanda hicho, alisema. Wanamkata mzee mshahara na hawapeleki pesa kwa mfuko. Amewafanyia kazi hadi mgongo umepinda, na wanakula jasho lake, na yeye kwa upole wake anaficha ili watu wa nyumbani wasipate presha. Mbithe alikubaliana naye papo hapo. Alianza kutafuta viatu. Alikuwa tayari kwenda kumtoa meneja kwake Jumapili hiyo hiyo.

Opiyo, mtu wa kuuliza kwanza, alisema kama kiwanda hakipeleki pesa za mzee, basi hakipeleki za mtu yeyote. Je, hakuna mfanyakazi mwingine wanayemjua?

Yupo. Mulei, askari wa geti la kiwanda, alisoma na Kamene hadi darasa la nane. Kamene akampigia na kuiweka simu kwenye spika, katikati ya meza, ili mama asikie.

Mulei alipokea kwa shangwe. Walisalimiana, sasa, poa, wakaulizana za watoto. Kamene akaingia moja kwa moja. Alimwuliza kama meseji za pensheni bado zinaingia kwa wafanyakazi wengine.

"Zinaingia, mbona zisiingie? Yangu ilikuja juzi tu."

"Sasa mbona ya baba haiingii?"

Kwa nyuma walisikia redio ya Mulei ikitangaza mpira.

"Kamene," alisema, taratibu kabisa, "ya babako itaingiaje na aliacha kazi March?"

Mulei, maskini, akadhani hawajamsikia, akaongeza sauti.

"Si tulimchinjia mbuzi hapa kwa gate? Hata meneja alikuja. Mzee alisema Mama Kamene ni mgonjwa ndio hawezi fika. Tukamtumia mguu mzima. Ama nyama haikufika?"

Kamene alikata simu.

Nyama ilifika. Mbithe aliikumbuka vizuri sana. Mguu wa mbuzi, wiki ya kabla ya Pasaka, na Kaloki akasema ni zawadi ya kiwanda kwa wafanyakazi wote. Aliupika na viazi. Aliwapelekea majirani mchuzi.

Sasa tuweke mambo wazi, msomaji, kabla hatujapotezana. Tangu mwezi wa tatu Kaloki hana kazi. Tangu mwezi wa tatu ameondoka nyumbani kila asubuhi kabla ya jua, na chakula chake kwenye kontena, na kurudi jioni akilalamika juu ya kelele za mashine. Na tangu mwezi wa tatu, kila mwisho wa mwezi, ameweka mshahara mezani. Ule ule. Na elfu tano za mfuko wa uwekezaji zimeenda kila tarehe kumi bila kukosa, meseji zipo.

Mshahara huo unatoka wapi?

Opiyo aliuliza hivyo, kwa sauti ya chini. Wote walikuwa wamefika hapo hapo na hawakupapenda. Mtu akiacha kazi anaweza kudai sehemu ya pensheni yake. Programu ilikuwa imeandikiwa kila kilichoingia. Hakuna mtu aliyewahi kuiambia kama kuna kilichotoka. Zile milioni tatu, ambazo saa moja iliyopita zilikuwa habari mbaya, sasa Kamene alikuwa anaziombea ziwepo.

Na sasa akaelewa lile neno. Inatosha. Babake hakuwa ameuliza jumla ili ajue jumla. Nambari ya pensheni yake anaijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Bintiye akamtajia milioni sita kwa mdomo wake mwenyewe, na mzee akaona kwa nambari kubwa namna hiyo anaweza kuacha kazi mbele ya kanisa zima, kwa vigelegele, kazi ambayo alikuwa ameshaiacha kimyakimya. Kesho angeondoka na barua na kurudi bila barua, na uongo wote ungefungwa hapo.

Kamene alimkasirikia babake. Pia alimwonea huruma. Miezi yote hiyo mzee ametembea na siri hiyo na kontena ya githeri.

Mbithe aliitazama simu yake. Meseji zake zote zilikuwa bado wazi kwenye simu, hadi ile ya mwisho ya March.

"Alinidanganya na sauti ya kawaida," alisema hatimaye. "Hiyo ndio inaniuma. Hata hakukohoa."

Nje, geti la ploti likalia. Mtu alikuwa anakuja anapiga mluzi wa wimbo wa kufungia ibada.

Opiyo aliruka kutoka kwenye kochi hadi kiti chake cha mlangoni. Kamene alisimama akiwa na maneno yote tayari kinywani, lakini mamake aliinua mkono mmoja tu, na maneno yakarudi.

Kaloki aliingia akiwa na vumbi hadi magotini na furaha usoni. Maji yapo, alisema. Mtu wa kisima amepita na chombo chake na maji yapo tele. Aliwasalimia wote, akamwuliza Opiyo habari za Ruiru, akaiona kompyuta na kuuliza kama pensheni haijaongezeka tangu asubuhi. Alicheka peke yake.

Kisha akavua koti na kulitundika, na pembe ya bahasha ikachungulia mfukoni.

"Mama Kamene, hiyo uniform nipigie pasi vizuri. Kesho ni siku kubwa kazini. Napeleka barua."

Mbithe aliinuka. Kamene alidhani sasa ndiyo sasa. Lakini mamake alienda kwenye kabati, akatoa pasi, akaichomeka ukutani, akakunja blanketi juu ya meza na kuitandaza ile suruali ya kijani. Alifanya yote hayo bila haraka.

"Nitapiga," alisema. "Nikimaliza nipige na rinda langu."

"Unaenda wapi?"

"Kazini na wewe. Miaka yote hiyo sijawahi kufika hapo ndani hata siku moja. Kesho nataka nisimame kando yako ukipeana hiyo barua. Nimshukuru na meneja."

Pasi ikatoa mvuke. Opiyo alirudi kwenye kamba za viatu vyake. Kamene alimtazama babake, akingoja uso wake ubadilike, akingoja kikohozi, sababu, homa ya ghafla, chochote.

Kaloki aliitazama suruali. Akamtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayempima kwa safari. Halafu akavuta kiti, akaketi, akaanza kufungua viatu vyake.

"Sawa," alisema. "Lakini usivae vile viatu vya kanisa. Huko naenda kuna matope mengi."

Mbithe akabaki ameishika pasi hewani. Kiwanda cha blanketi, kama Kaloki mwenyewe alivyomsimulia miaka yote, kuanzia geti hadi choo cha mwisho ni simiti tupu.